Ujumbe wa Mama Nilioufuta

Mpendwa Mshauri,

Nisaidie, maana nimeianza barua hii mara tatu nikaichana, na mara zote tatu niliichana mahali pale pale, nilipofika kwenye neno "nilidanganya". Mimi ni mama wa watoto wawili, nina mume mwema na kazi nzuri, na ukiniuliza habari nitakwambia nzuri kabla hujamaliza kuuliza, kwa sababu kusema nzuri ndiyo kazi yangu. Niko kampuni ya maji, kitengo cha malalamiko. Mtu akipiga simu kwamba bomba lake halijatoa maji tangu Jumatatu, namwandika kwenye kompyuta na jina lake linatokea kwa rangi nyekundu, na likikaa jekundu zaidi ya siku tano bosi anakuja kusimama nyuma ya kiti changu na kukohoa. Kwa hiyo pale ofisini wote tumeshajua dawa: siku ya tano unamtumia mteja ujumbe wa kumshukuru kwa maoni yake, unabonyeza "limefungwa", na jina linageuka kijani. Maji yawe yametoka au hayajatoka, hiyo ni habari nyingine. Mwaka jana nilipewa cheti cha mfanyakazi bora, kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni.

Nakueleza haya kwa sababu nadhani ndiyo yaliyoniharibu, au pengine natafuta wa kumsingizia, utaniambia mwenyewe.

Baba yetu alifariki mwaka jana baada ya kulala kitandani miezi saba kwa kiharusi, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi na maneno yanamtoka kwa taabu. Aliyemuuguza ni Mama. Mama ni fundi cherehani mstaafu, mfupi, mwepesi wa mikono, mtu wa sala kuliko sisi wote, na ana miaka sabini na moja. Watoto tuko watatu, kaka yangu, mimi na mdogo wetu wa mwisho, na tulikuwa tunakwenda mwisho wa wiki, tunakaa saa mbili, tunampiga Baba picha akiwa ameegemezwa kwenye mito, tunasema "Baba anaendelea vizuri", tunaondoka. Siku ya mazishi nilisoma wasifu niliouandika mwenyewe, nikamwita Mama malaika aliyeshushwa duniani kwa ajili ya Baba, watu wakalia, na yeye akainamisha kichwa, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Baada ya msiba kaka na mdogo wangu wakagombana kwenye kundi letu la simu, nani alikuwa anakwenda kumwona Baba na nani alikuwa na visingizio, wakatukanana siku tatu mfululizo na Mama yumo humo humo kwenye kundi anasikia. Mimi ndiye msimamizi wa kundi, nikaweka sheria: hapa ni habari njema tu, mwenye neno zito ampigie mwenzake simu. Wote wakakubali, wakatuma vidole gumba. Na kweli amani ikaja, Mshauri, lakini amani ya kutisha. Kaka, ambaye nimemwona kwa macho yangu akianza kunywa saa nne asubuhi, anatuma picha ya waridi na "asubuhi yenye baraka". Mdogo wangu, ambaye siku hizi analala chumba cha watoto, anatuma picha ya keki ya kumbukumbu ya ndoa. Mimi natuma maneno ya kutia moyo ninayotumiwa na watu wa kazini. Na kupigiana simu? Hakuna aliyempigia mwenzake hata mara moja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Miezi minne iliyopita, siku ya Jumanne saa nane mchana, nakula mkate wangu mbele ya kompyuta, ukaingia kwenye kundi ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama, wa dakika sita. Mama haandiki, macho yake hayashiki tena herufi ndogo, yeye hubonyeza pale pa kurekodi akasema, na kawaida ni sekunde nne, "Hamjambo wanangu, mimi mzima." Dakika sita zilinishtua. Nikaenda kusikilizia chooni.

Nakuandikia karibu neno kwa neno kwa sababu sijausahau hata siku moja. Alisema: "Wanangu, mnisamehe, leo sina habari njema. Nimeshindwa kukaa nalo. Mnaniita malaika na mimi si malaika. Baba yenu alipokuwa akinihitaji alikuwa anagonga kikombe kwenye chuma cha kitanda, mnakumbuka. Siku moja mchana aligonga nikamsikia. Niko jikoni, nimekaa tu, sina ninachofanya. Nikasema moyoni, leo siendi. Nikaongeza sauti ya redio. Akagonga tena, nikaongeza tena, mpaka kipindi kikaisha. Nilipoingia nikakuta amejilowesha na analia, na yeye ndiye aliyeniomba msamaha mimi. Kwa ule ulimi wake mzito. Nikambadilisha nguo, sikumjibu. Akakaa wiki mbili akaondoka, na bado sikuwa nimemjibu. Tangu siku hiyo sisali. Nikifumba macho nasikia kikombe. Nawauliza wanangu, Mungu anamsikiliza mtu aliyekataa kumsikiliza mwenzake? Mnijibu hata mmoja." Halafu nikamsikia anahangaika na simu, akasema, "Na hii sijui inazimwaje," ukaishia hapo.

Nilisimama mle chooni, na naona aibu kukwambia nilichokifikiria kwanza. Sikumfikiria Mama. Nilifikiria kaka atasema nini, mdogo wangu atamrukia kaka vipi, ugomvi utaanza upya, na nikauona ule ujumbe ni mwekundu, Mshauri, naapa niliuona mwekundu. Nikatazama, kaka na mdogo wangu walikuwa hawajaingia kwenye simu tangu asubuhi. Nikaufuta kwa uwezo wa msimamizi, usionekane kwa yeyote, nikatuma picha ya maua. Baadaye kaka akauliza, "Kimefutwa nini hapa?" nikamjibu, "Mama alibonyeza kwa bahati mbaya," akatuma vile vikaragosi vya kucheka.

Jioni Mama akanipigia. "Mwanangu, ule ujumbe wangu mmeupata?"

Nikamwambia, "Haukufika, Mama. Mtandao ulisumbua."

Akasema, "Haya."

Nilidhani atajaribu tena na mara hiyo ningemwitikia. Hakujaribu. Akarudi kwenye sekunde zake nne, "Hamjambo wanangu, mimi mzima." Kwenye sala za pamoja haendi tena, anasema ni miguu. Redio yake ameifunika kitambaa. Wiki tatu zilizopita nilikwenda kumwona, nikamkuta mezani anafumua mshono wa gauni ambalo halikuwa na kasoro, na bila kuniangalia akasema, "Ule ujumbe, mwanangu, nilijaribu kuusema upya mara mbili, ulimi ukakataa. Nimeelewa. Mungu hakutaka usikike. Amenichoka." Nami nikamwambia, "Mama, usiseme hivyo," nikatoa simu nikamwonyesha picha za wajukuu zake wakiogelea. Akazitazama zote. Akasema, "Wamekua."

Tangu siku hiyo natafuta wa kuniambia la kufanya. Nimemweleza mshauri wa wafanyakazi pale kazini, akasema Mama ana msongo wa mawazo na mimi nimeweka mipaka yenye afya. Nimemweleza kiongozi wetu wa dini, bila kutaja ni mama yangu, akasema mtu huyo asikaribishe mawazo mabaya, ashukuru zaidi. Mume wangu nilipomwambia nataka kwenda kukiri alisema kwa upole kabisa kwamba huo ni ubinafsi, nitautua mzigo wangu kwenye kichwa cha mwanamke wa miaka sabini na moja ili mimi nilale vizuri. Labda yuko sahihi. Labda Mama atajua kwamba mtoto wake alimsikia akilia kisha akamfuta, na hataniamini tena mpaka anakufa. Labda nimpeleke tu kwa daktari na haya mengine yajifie. Nimwambie au ninyamaze? Nakuomba usinijibu kwamba nijisamehe, hilo nimeshaambiwa na watu wengine wanne.

Wako,
Msimamizi wa Kundi

Msimamizi,

Kwanza hongera, maana barua ya nne hukuichana. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Hapa mezani kwangu gazetini zinafika barua nyingi, na siku hizi zimeanza kufanana. Aliyemtelekeza mzazi wake ana changamoto ya muda. Mwenye nyumba mbili zisizojuana ana changamoto ya mawasiliano. Bosi anayewaliza watu ofisini anapitia kipindi kigumu. Tumekuwa watu wa ajabu kweli, hakuna anayekosa, wote tunapitia kitu. Na mimi simo nje. Mwaka juzi mtu aliniandikia kwamba amemsaliti rafiki yake wa utotoni, nikamshauri ajipende, anywe maji ya kutosha, alale mapema. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Asante, ila nilitaka kujua nimwombeje msamaha." Niliona haya hadi masikioni. Basi haya ninayokwambia leo nimeyajua kwa kuchelewa, na wewe uyapokee hivyo hivyo.

Mama yako aliuliza swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa, na kila aliyelisikia alilikimbia. Mshauri wa kazini alilipa jina la ugonjwa. Kiongozi wa dini, ambaye ndiye hasa angepaswa kulivulia viatu, aliliambia lishukuru. Wewe ulilipa picha ya maua. Sisemi msongo haupo. Upo, unaua watu, na kama mama yako hali wala halali, mpeleke kwa daktari wiki hii hii na umshike mkono kwenye foleni. Lakini daktari atamtibu usingizi. Yeye alisema alimkosea mumewe na anataka kujua kama bado anasikilizwa, na hilo halimo kwenye kabati la dawa. Ni jambo la roho, na watu wake ndio nyinyi.

Sasa wewe. Kufuta ule ujumbe ulifanya kwa hofu, na hofu naielewa. Uongo wa jioni ile ulikuwa wa kujificha, na huo nao nauona kila siku. Kinachonitoa jasho ni kile cha wiki tatu zilizopita pale mezani. Mama yako alisema Mungu hakutaka, na katika chumba kile alikuwepo mtu mmoja anayejua kwa uhakika ni nani hakutaka, naye akatoa picha za watoto wanaogelea. Mwanangu, ulimwacha Mungu abebe lawama ya kidole chako. Mwanamke aliyesali maisha yake yote anaamini amefungiwa mlango, na ushahidi pekee alionao ni uongo wako kuhusu mtandao.

Mumeo nisimdharau, ana hoja. Wako watu wanaokiri ili wao walale na aliyekosewa ndiye akeshe. Lakini mwambie hivi: mzigo huu tayari uko kichwani kwa mama, tena ni mzito kuliko ukweli. Anaamini Mungu amemchoka. Ukimwambia ni binti yake ndiye aliyeogopa, hilo litamuuma, pengine atalia, pengine atakufukuza urudi siku nyingine. Atakayerudi kumwomba ni wewe, na utarudi mara zote atakazotaka. Mtoto mwoga ni jambo ambalo mama anaweza kuishi nalo, kila mama amewahi kuwa naye.

Kwa hiyo unakwenda. Nenda Jumamosi, mchana, peke yako, na simu uiache nyumbani. Usipeleke keki, usipeleke wajukuu, usijifiche nyuma ya chochote. Mkikaa sema: "Mama, ule ujumbe ulifika. Niliusikiliza wote. Niliufuta mimi, nikakudanganya. Nisamehe." Maneno hayo yanatosha. Usiongeze "kwa sababu", maana najua watu wa kitengo chako, mkishafika kwenye "kwa sababu" hamtoki.

Halafu unyamaze, na hapa ndipo patakapokuwa pagumu kwako. Atakaporudia habari ya kikombe, koo litakuwasha kumwambia, "Usijilaumu, Mama, ulikuwa umechoka." Meza mate. Ukimwambia hakukosea utakuwa umebonyeza "limefungwa" kwa mara ya pili. Alimsikia mgonjwa akiita na akakataa kwenda. Ni kosa, analijua, na anastahili mtu wa kulisikia kwa jina lake bila kukimbia. Usimhukumu pia, hakukuita ukawe hakimu. Ukishamsikiliza mpaka mwisho ndipo umwambie la upande wenu, kwamba miezi saba alikuwa peke yake na kitanda kile, huku watoto watatu wazima wakija mwisho wa wiki kupiga picha. Hilo ni kosa lenu. Liombee msamaha lenyewe kama lilivyo, usilitumie kama kifutio cha lake. Yote mawili yalitokea katika nyumba moja, na yote mawili yanasameheka, ila ni lazima kwanza ikubalike kwamba yalitokea.

Akikuuliza kama Mungu anamsikiliza, usijifanye mtaalamu, na mimi pia si mtaalamu. Sema unachokijua, na unachokijua si kidogo: kwamba ujumbe ule haukuzuiwa mbinguni, ulizuiwa chooni, kwenye kampuni ya maji, na binti yake. Kama atacheka, mshukuru Mungu kwa hicho kicheko. Kisha umwombe msali pamoja, na maneno yakigoma kaeni kimya wote wawili, yeye asiwe peke yake tu kwenye huo ukimya. Na lile jibu ambalo hakumpa baba yako, bado analo. Muulize kama anataka kulisema na wapi, kaburini au pale kitanda kilipokuwa. Achague yeye, wewe umsindikize.

Ndugu zako waambie kosa lako bila kutoa siri ya mama. Andika kwenye kundi kwamba ujumbe wa siku ile uliufuta wewe, kwamba hakubonyeza kwa bahati mbaya, na kwamba sheria yako ya habari njema umeiondoa. Watakasirika. Waache wakasirike, ni afadhali kuliko waridi. Mama akitaka wasikie alichosema, atawaambia kwa mdomo wake. Kisha mpigie kaka yako, kupiga si kutuma, na umpigie kabla ya saa nne. Mdogo wako muulize analala wapi, na akishasema usimpe ushauri, hiyo kazi niachie mimi.

Na wale wateja wako wanaobeba ndoo huku majina yao yakiwa ya kijani, hao pia ni watu, na unajua tayari nitakwambia nini juu yao. Lakini anza na mmoja.

Uliniomba nisikwambie ujisamehe, nami sijakwambia. Msamaha unaoutafuta uko kwa mtu, ana cherehani na miaka sabini na moja, na sioni kwa nini uutafute gazetini. Nimekugombeza sana, nami nakupenda kwa barua hii, maana kwa muda mrefu sijaona mtu akiniandikia "nilidanganya" bila kulivika nguo. Mtu anayeweza kuandika hivyo anaweza pia kusema hivyo, akiwa amekaa karibu, amemshika mama yake mkono.

Barua yako nimeijibu siku ya nne tangu ifike. Ya mama yako imekaa miezi minne, naye aliomba ajibiwe hata na mmoja. Jumamosi hii uende, na usiniandikie kwanza.

Mshauri wako